Jina la Kwanza la Nekesa

Wiki jana nilimwacha Ayuma kidole chake kikiwa juu ya kitufe cha kompyuta, na nyinyi nikawaacha roho juu. Msomaji mmoja wa Kariobangi ameniandikia akaniita katili. Nimekubali. Sasa tuendelee kabla hajaandika tena.

Aliyekuja leo asipotee njia. Ayuma ni karani katika ofisi ya watoto waliookotwa, kando ya Jogoo Road. Mmoja wa watoto hao, Nekesa, Ayuma alimchukua akamlea, yeye na mumewe Lusweti, Mungu amrehemu. Mbele ya meza yake ameketi Aloo, mama wa Dandora anayemtafuta binti yake. Ni mara ya tatu kuja, na kila mara ameambiwa kwamba kompyuta haina mtoto yeyote aliyeokotwa Dandora mwaka alipopotea binti huyo.

Lakini leo Mursal, fundi wa kompyuta kutoka Eastleigh, ameleta ukurasa mpya. Ameuita Historia. Humo unaona habari za mtoto zilivyoandikwa mwanzo, zilivyobadilishwa, na nani aliyebadilisha. Mursal ameujaribu kwa neno moja alilolisema Aloo: ungo. Imetoka rekodi moja tu, na namba yake ni namba ya Nekesa.

"Bonyeza, dada," Mursal akasema. "Haiumi."

Ayuma akabonyeza.

Ukurasa ukaanza kushuka kutoka juu, mstari mmoja mmoja, maana mashine yenyewe ni ya msaada na ina uzee wake. Safu ya KABLA ilikuwa kwa rangi nyekundu. Safu ya BAADA ilikuwa kwa kijani. Mursal akasoma kwa sauti, furaha imemjaa kwa kuwa kazi ya mikono yake inafanya kazi.

"Jina. Kabla: Halijulikani. Baada: Nekesa."

Hilo Ayuma alilijua. Alilibadilisha mwenyewe; mistari mingine iliandikwa na aliyempokea mtoto, naye hakuwahi kuisoma. Mtoto alikuwa analia usiku na mchana, hashiki chuchu ya chupa, hadi Asenath, mama yake Lusweti, akapanda basi kutoka Chwele. Asenath akamweka mtoto mapajani na kuanza kuwaita wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, kama inavyofanywa kwao. Alipofika kwa Nekesa, jina la mama yake yeye Asenath, mtoto akanyamaza kabisa. Likawa jina lake.

"Mahali alipookotwa," Mursal akaendelea. "Kabla: Dandora, kando ya njia ya jaa. Baada: Mukuru kwa Njenga."

Sauti ikaanza kumpungua.

"Alikutwa na nini. Kabla: Ungo mpya. Baada: Hakuna."

"Yawa!" Aloo akaruka kitini. "Ungo wangu! Nyasaye, Mungu wangu, ungo wangu!"

Mursal akabaki na mstari wa mwisho. Akaumeza. Aloo akamshika mkono wa shati.

"Soma, kijana. Nani amefuta?"

"Inasema... Ayuma."

Haya! Nani kati yenu alilitegemea hilo? Mimi mwenyewe nilipolisikia nilikaa chini.

Aloo akamgeukia karani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Nekesa. Mwaka jana nilikaa kwenye kiti hiki hiki. Ukanishika mkono. Ukaniambia, pole mama, tumetafuta, hayupo. Kumbe ni wewe?"

"Si mimi! Haki ya Mungu, si mimi!"

"Dada," Mursal akasema polepole, "mashine haina ugomvi na wewe. Imekuwa ikiandika kimya kimya tangu siku ya kwanza. Mimi nimeifungulia dirisha tu. Mtu aliingia kwa neno lako la siri akabadilisha."

"Lini?"

"Agosti, tisini na saba. Jumamosi."

Ayuma akaketi. Agosti ile alikuwa amelazwa. Mimba ilikuwa imeharibika tena, na daktari alikuwa amemwambia asijaribu nyingine. Ofisini hakufika mwezi mzima.

"Sikuwepo," akasema. "Mama Awiti, siku hiyo mimi sikuwepo hapa."

Ni mara ya kwanza mtu kumwita Aloo hivyo. Kwao mtoto aliyetupwa huitwa Awiti, na ndilo jina aliloandikisha Aloo alipokuja kutafuta; na mama huitwa kwa jina la mtoto. Aloo akaanza kulia pale pale, na huku akilia akaeleza habari aliyoificha miaka mitatu.

"Nilizika watoto, mama. Kila nikizaa, nazika. Huyu alipozaliwa, mama yangu akasema, huyu tumtupe ili kifo kisimtamani. Ni desturi yetu. Unamweka njiani kama takataka, unaondoka bila kugeuka. Mwanamke mliyeelewana anapita, anamwokota, anamleta mlangoni pako. Anauliza, nimeokota mtoto, ni wa nani? Unajibu, nipe, ni wangu, nitamlea. Basi. Kifo kinapita mbali. Nikanunua ungo mpya, kwa sababu mtoto wangu si wa kulala chini."

"Na yule mwanamke?" Ayuma akauliza.

"Jirani yangu. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamekuja baada ya kukosekana siku nyingi. Akasimama kwenye foleni ya bomba, watu wakagombana, akachelewa. Alipofika, njia ilikuwa tupu. Mama mmoja wa kanisa alikuwa amepita kabla yake akamwona mtoto jaani. Angefanya nini? Akamchukua."

"Kwa nini hukwenda polisi?"

"Niwaambie nini? Kwamba nimemtupa ili aishi?"

Mursal alikuwa anajifanya anafuta vumbi kwenye kioo.

"Nilikuja hapa mara ya kwanza," Aloo akasema. "Jumamosi. Hakukuwa na karani mwanamke. Nilimkuta mwanamume mrefu, mpole. Akanipa maji ya kunywa. Nikamwambia mahali na alama, Dandora, jaa, ungo. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu kama mtu aliyekaa kwenye moshi. Akaniambia, mama, hayupo."

Moshi!

Ayuma akashika meza kwa mikono miwili. Jumamosi ile Lusweti alikuja wodini na nyama ya kuchoma iliyofungwa kwenye gazeti, na macho yake yalikuwa mekundu. Alipomuuliza, akasema ni moshi wa wachoma nyama wa Burma, si unajua hao watu na mikaa yao. Akaketi kitandani akamshika mguu kwa juu ya blanketi hadi wauguzi wakamfukuza. Neno la siri alilijua. Mwezi ule mzima alikuwa anamwingizia mkewe rekodi akitoka zamu ya reli, ili Ayuma asifutwe kazi.

Mke hana mtoto tumboni. Na huku mbele ya mume mama mzazi anaomba mtoto pekee waliye naye. Mwanamume akachagua. Mimi simtetei, lakini simpigi mawe pia.

"Ni mume wangu," Ayuma akasema. "Na siwezi hata kumuuliza. Tumemzika mwaka jana."

Kisha akamtazama Mursal, na jicho lile Mursal alilielewa. Mtu akizama hushika hata jani.

"Usiniombe, dada," akasema kwa upole. "Nikiufuta huo mstari, itaandika kwamba nimeufuta. Na Mama Awiti ameshasikia."

Ayuma akaona aibu. Akamwambia achape ukurasa ule kwenye karatasi, na akamwambia Aloo, "Inuka, mama. Twende ukamwone."

*

Nyumbani kwa Ayuma ni Maringo. Asenath alikuwa anamenya viazi mlangoni, na Nekesa alikuwa amejifunga leso mgongoni akibeba chupa tupu ya mafuta. Chupa hiyo ndiyo ilikuwa mtoto wake.

"Mama, Nekesa mdogo amelala," akanong'ona alipomwona Ayuma. "Usipige kelele."

Kisha akamwona mgeni, akajificha nyuma ya sketi ya Ayuma.

Aloo hakumfuata. Aliegemea ukuta akamtazama miguu tu.

"Ana vidole vya baba yake," akasema. "Hicho kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Tazameni."

Kisu cha Asenath kikasimama. Mtu mzima haambiwi mara mbili.

"Nani huyu?"

Ayuma akamweka karatasi mapajani. Asenath, aliyesoma shule ya misheni, akavaa miwani. Akausoma wekundu, akakisoma kijani. Akaikunja karatasi katikati, akaiweka chini ya bakuli la viazi.

"Mama, ulijua?"

Asenath akaanza kumenya tena.

"Mama! Ulijua?"

"Lusweti aliniambia kitandani mwake, kifua kilipomzidi. Akasema, nikifa mwambie Ayuma. Nikasema nitamwambia." Asenath akachukua kiazi kingine. "Sikukwambia. Na nisingekwambia hadi nife."

"Uwii! Mama, kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Mwanangu amezikwa. Nimebaki na nini mimi? Nimebaki na huyo, na huyo ana jina la mama yangu. Alilichagua mwenyewe, mlikuwepo, mlisikia alivyonyamaza. Mkimtoa, mama yangu amekufa mara ya pili." Akamgeukia Aloo. "Na wewe mwanamke, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Homa za huyu mtoto ulizikesha wewe?"

"Ningezikesha," Aloo akasema. "Ningelipa ili nizikeshe. Mimi nilikuwa nakesha bila mtoto."

Hata Asenath akainamisha macho.

Ayuma akapiga magoti mbele ya Nekesa ili amfungue leso, amwambie amsalimie mgeni. Vidole vikakataa. Alikuwa akiifunga leso ile kila asubuhi, na sasa fundo lilikuwa limemshinda.

"Usimfungue," Aloo akasema. "Simchukui leo."

Wote wakamtazama.

"Mtoto wa kutupwa hachukuliwi na mama yake. Nikimchukua mwenyewe, ni kama sikumtupa, na kifo bado kinamtafuta. Lazima mwenye kumwokota amlete mlangoni pangu, aulize. Na wewe uliyemlea ndiye umemwokota, Mama Nekesa. Kesho asubuhi nitakuwa ndani. Mlango wa buluu, karibu na posho mili, kile kinu cha unga, fezi ya pili ya Dandora, njia ile ile ya jaa. Sikuhama. Niliogopa atarudi asinikute."

"Na nisipokuja?"

Aloo akajipangusa uso kwa mkono wa gauni.

"Sitakushtaki. Nimechoka na maofisi. Nitajua tu kwamba umemtaka zaidi."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Nekesa akatoka mafichoni akauliza kwa nini yule mama analia, na hakuna aliyemjibu. Asenath alikuwa ameingia ndani kuvaa viatu vyake vya kanisani. Akasema anakwenda kununua chumvi.

Chumvi ilikuwepo, wasomaji. Pakiti nzima. Lakini Ayuma hakuwa na macho ya kuona chumvi siku hiyo.

*

Asubuhi Ayuma alimwogesha mtoto mara mbili. Akamvika gauni la Krismasi. Akapitia sokoni akanunua ungo mpya, na Nekesa akaupenda akauvaa kichwani kama kofia njia nzima, akicheka kila mtu alipomtazama.

Dandora moshi wa jaa ulikuwa umelala chini. Ayuma akashukuru, maana macho yake yalikuwa na kisingizio. Ndipo akamwelewa mumewe, akiwa na machozi yale yale na uongo ule ule wa moshi, na akamkasirikia na kumsamehe kwa hatua chache tu za njia.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Kwa mtu anayekupenda."

"Kwa nyanya?"

"Hapana. Mwingine."

Nekesa akafikiri. "Tukimaliza kupendwa tutarudi nyumbani?"

Ayuma angegeuka pale. Miguu iligeuka kweli, na ningekuwa mimi ningekuwa nimeshafika Maringo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Ayuma aliyezika mimba zake alikuwa mzazi kuliko wengi. Alijua Aloo amekaa wapi na amekaaje tangu alfajiri. Akaendelea.

Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa. Mbele yake pamefagiwa, maji yamenyunyizwa kutuliza vumbi. Ayuma akamketisha mtoto kwenye ungo, akauinua ungo na mtoto wake, mzito huyo.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ya Aloo kutoka ndani, ikiwa nyembamba kwa hofu.

"Mpita njia." Ayuma hakufundishwa la kusema, lilimjia lenyewe. Akavuta pumzi. "Nimeokota mtoto. Ni wa nani?"

Mlango ukafunguka. Aloo alikuwa amevaa gauni jeupe, kitambaa kipya kichwani. Nyuma yake, mezani, uji ulikuwa umefunikwa kwa sahani. Akafungua kinywa ajibu.

"Ndiye huyo!"

Ayuma akageuka. Njiani alisimama Asenath na viatu vyake vya kanisani, na kando yake askari wawili wa polisi. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi. Ilikuwa imekunjwa katikati, na ilikuwa na doa la viazi.

"Ndiye aliyemtupa mtoto jaani," Asenath akasema. Alikuwa analia, lakini mkono wake ulionyooshea Aloo kidole haukushuka. "Amekiri mbele yangu, nyumbani kwa mwanangu. Na kompyuta ya serikali imeandika."

"Si ya serikali!" Ayuma akapiga kelele. "Mama, unafanya nini? Afande, sikiliza, hakumtupa, ni desturi—"

"Dandora, kando ya njia ya jaa," askari akasoma kwenye safu nyekundu. Akaitazama njia. Akalitazama jaa. Akamtazama Aloo. "Kutupa mtoto mchanga ni jela, mama. Labda kuna makosa, labda tunakusingizia. Basi nakuuliza mbele ya hawa watu. Mtoto huyu ni wako, au si wako?"

Majirani walikuwa wamejaa. Mwenye posho mili akazima mashine ili asikie.

"Sema si wako," Ayuma akanong'ona. Ungo ulikuwa unamponyoka. "Mama Awiti, tafadhali. Sema si wako leo tu. Nitamleta tena. Naapa nitamleta."

Aloo akatikisa kichwa. Hakumtazama askari hata mara moja. Alimtazama aliyemwokota, kama desturi inavyotaka, na akamjibu yeye.

"Nipe," akasema. "Ni wangu. Nitamlea."

Akanyoosha mikono yote miwili kupokea ungo.

Askari akaikamata ikiwa hewani, na pingu zikafungwa juu ya kichwa cha mtoto. Aloo hakupigana. Alikuwa ameinama anamchungulia binti yake usoni kwa karibu, akitabasamu, na walipomvuta alienda kinyumenyume ili asimpoteze machoni.

Mtoto akaanza kulia. Asenath, kwa mbali, akaita Nekesa, Nekesa, lakini mtoto hakunyamaza. Ayuma akaketi chini mbele ya mlango wa buluu na ungo mapajani. Alitaka kumbembeleza, na hakujua amwite kwa jina lipi.